Aibu Aliyoiona Si Aibu Waliyoisikia

Wifi yangu alifukuzwa kazi kwa neno moja la Kiingereza, tena alilitamka kwa adabu, mikono ikiwa nyuma na macho yakiwa sakafuni. Sitaki jambo hili liendelee kuelezwa kwa lugha ya kupooza, kwamba eti palitokea kutoelewana. Hapakutokea kutoelewana kokote. Uamuzi ulikuwa umeshapita, na likatafutwa neno la kuufunika.

Alikuwa mpiga pasi katika hoteli kubwa. Asubuhi hiyo mgeni mmoja alilalamika kwamba vifungo vyake vya dhahabu, vile vya kubania mikono ya shati, havionekani, na kwamba shati lenyewe lilikuwa limepitia udobini. Kabla ya saa ya chai wifi yangu akaitwa juu. Aliondoka mezani na aproni yake kiunoni, vidole vikinuka wanga, akaingizwa katika chumba cha mikutano ambacho kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kukiingia isipokuwa kwenda kutandika vitambaa vya meza. Walikuwa wameketi watatu: meneja, ofisa utumishi, na msimamizi wa usafi, ambaye ndiye mkubwa wake wa karibu. Kila mmoja alikuwa na chupa ya maji mbele yake. Yeye hakupewa hata kiti.

Wote watatu wamezaliwa na kulelewa ndani ya Kiswahili. Ofisa utumishi hugombana na mkewe kwenye simu kwa Kiswahili, sauti ikafika jikoni, na wapishi wakazima mashine ya kusagia ili wasipitwe. Hata hivyo alifungua kikao kwa kutangaza kwamba lugha ya kampuni ni Kiingereza na kwamba mtuhumiwa atajibu kwa Kiingereza. Wifi yangu alijibu alivyoweza. Aliviona vifungo? Hapana. Nani mwingine alilishika shati? Hajui. Ndipo ofisa akaegemea kiti chake, akamuuliza kwa nini hamtazami usoni, kwa nini anaangalia chini kama mtu aliyeficha jambo.

Jibu la kweli lilikuwepo. Yeye ni mtu wa haya. Akisimama mbele ya watu waliokaa, ulimi humkauka. Kwa Kiswahili angesema, "Naona aibu tu, bosi," na hapana ambaye asingemwelewa, kwa kuwa ndivyo asemavyo bibi harusi, ndivyo asemavyo mgeni aliyekaribishwa mezani, ndivyo asemavyo mtoto aliyeambiwa awasalimie wakubwa. Akalitafuta neno lake kichwani, akalipata, akashukuru kimoyomoyo kwamba amelipata.

"I am ashamed, sir," akasema.

Ofisa akamgeukia meneja. "You heard. She admits."

Yaani: umesikia mwenyewe, amekiri. Wifi yangu hakung'amua kilichotokea, kwa sababu neno hilo 'admit' yeye alilijua kwa maana ya hospitali peke yake, la mgonjwa kulazwa wodini. Akadhani wamemwona hali yake si nzuri na wanataka kumpeleka kwa daktari. Akawashukuru! Kabla ya chakula cha mchana alikuwa nje ya lango la wafanyakazi, aproni imebaki ndani, na kitambulisho chake kimekatwa kwa mkasi mbele ya walinzi.

Huyu ninayemsimulia, wenzake walimwita Mama Kola. Wapiga pasi wengi huanza na mgongo wa shati, kwa kuwa ni mpana na kazi inaonekana kwenda. Yeye huanza na kola, upande wa ndani, kutoka kwenye ncha kuelekea katikati, kwa sababu ukitoka katikati kwenda nje unakisukuma kitambaa hadi kinajikunja kwenye ncha, na mkunjo huo hautoki tena mpaka shati lifuliwe upya. "Mtu hutazamwa shingoni kabla hajatazamwa usoni," husema. Kila aliyeingia udobini alijifunzia kola kwake, na wengine wamekwenda kupandishwa vyeo kwingine kwa mikono aliyoinyoosha yeye.

Kaka yangu, fundi baiskeli, alipomleta nyumbani kututambulisha, alikaa tangu asubuhi hadi mchana hajafungua kinywa. Mama yangu hakuvumilia. "Mwanangu," akamwambia kaka kwa mnong'ono uliosikika nyumba nzima, "umetuletea mtu au picha?"

Aliyejibu hakuwa kaka. "Mtu, mama," ikasikika sauti ndogo kutoka pembeni. "Picha isingemaliza chakula."

Mama alicheka hadi akashika mbavu, na tangu siku hiyo hakumruhusu mtu amseme mkwewe. Nami tangu siku hiyo nilijua kwamba wifi yangu ana haya lakini hana woga. Watu wanaochanganya vitu hivyo viwili huja kupata taabu naye baadaye.

Neno "ashamed" hakuliokota njiani. Alifundishwa shuleni. Katika shule yake ya msingi mtoto akiitwa asome kwa sauti kisha akajificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, mwalimu alimwambia, "Don't be ashamed, stand up!" Ndivyo nilivyofundishwa na mimi, katika shule nyingine, na mwalimu mwingine. Kiswahili chetu cha kila siku kinasema "usione aibu," na walimu wetu waliihamisha hivyohivyo, kama mtu anayehamisha kabati bila kutoa nguo. Kumbe kwa wenye lugha yao neno hilo humhusu mtu anayejihukumu kwa ubaya anaoamini ameutenda. Watoto tuliowekewa neno hilo vinywani tukiwa hatujaota hata meno ya pili ndio leo tunasimamishwa mbele ya meza na kuhukumiwa kwalo.

Wifi yangu hakukaa kulia. Alikwenda kuomba kazi kwingine. Hoteli ya kwanza walimpa shati la majaribio, wakalisifu, wakampigia simu ofisa alikotoka. Mama aliyemjaribu alirudi na uso mwingine.

"Dada, huko wanasema ulikiri."

"Nilikiri nini?"

"Hawakufafanua. Wanasema tu ulikiri. Na mimi hapa nina mabosi wangu."

Hoteli ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu hawakumpa hata shati. Ndipo tulipoelewa alichonyang'anywa. Kazi inatafutwa na mshahara unatafutwa, lakini neno "amekiri" lilikuwa linamtangulia kila mlango, linaingia kabla yake, linakaa kitini, na yeye akifika anakuta nafasi imejaa. Hilo ndilo alilotaka litolewe. Tangu siku hiyo hakutaka kingine.

Kaka yangu alijaribu kumchangamsha. "Hebu tuseme kweli ulitaka kuiba," alimwambia jioni moja huku akipaka grisi mnyororo wa baiskeli ya mtu. "Vifungo vya dhahabu vya nini? Nyumba hii hakuna shati la kuvitia. Ungeiba shati, mke wangu. Mimi ningekutetea mahakamani nikiwa nimelivaa."

Wifi yangu alicheka, naye kaka akacheka, kisha akaurudia mnyororo wake.

Baadaye vifungo vikapatikana. Mgeni mwenyewe alikuwa amevitia ndani ya kiatu chake ili visipotee, akavisahau, akaja kuvikanyaga. Ofisa utumishi akapiga simu, na kwenye simu alizungumza Kiswahili fasaha, laini, cha mtu mwenye heshima zake. Nilikuwepo. Wifi yangu aliiweka sauti wazi ili nisikie.

"Mama, habari za siku? Vile vifungo vimeonekana. Kwa hiyo unaweza kurudi kazini hata kesho. Utarudi na onyo tu."

"Onyo la nini, bosi?"

"Si ulikiri?"

"Nilikiri kuiba kitu ambacho hakikuibwa?"

"Sikiliza, mama. Wizi haupo, nakubali. Lakini kukiri kupo. Kiofisi hayo ni mambo mawili tofauti."

Wifi yangu aliitazama simu kana kwamba imemtemea mate. "Basi uvalisheni huo ukiri aproni," akasema, "uwapigie pasi." Akakata.

Nimesoma mpaka sekondari na nimesoma mengi baada ya hapo, lakini sijapata kukutana na sentensi iliyonichemsha damu kama ile ya ofisa. Wizi haupo, kukiri kupo! Watu wazima, wenye tai, wamekaa wakatengeneza hatia isiyo na kosa, wakamwambia mwanamke arudi nayo kazini kama mzigo wake mwenyewe.

Hata hivyo wifi yangu alitaka kwanza kujua ni kitu gani hasa kilichotoka kinywani mwake. Nyuma ya duka la dawa karibu na kwetu kuna chumba chenye mabenchi na ukuta uliopakwa rangi nyeusi ukawa ubao. Humo binti mmoja mwenye miwani hufundisha Kiingereza kwa watu wazima wanaotafuta kazi. Wanafunzi wake humwita Mwalimu Tofauti, kwa kuwa mtu akitaja maneno mawili yanayofanana, yeye huuliza papo hapo, "Tofauti yake nini?" Wifi yangu alikaa benchi la nyuma, akasimulia yaliyompata kwa sauti ya chini, na mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Uliona aibu gani, dada?"

"Kwani aibu ziko ngapi, mwalimu?"

"Kwa leo, tatu." Mwalimu akachukua chaki. "Ukimsengenya shoga yako, halafu ukimwona anakuletea zawadi ukajiona huna maana, hiyo ni 'ashamed'. Lazima pawe na kosa, au wewe uamini lipo. Ukisimama kanisani, msikitini, popote palipo na watu, kumbe zipu yako imefunguka, hiyo ni 'embarrassed'. Hujakosa. Umeonekana tu. Na ukiingia ukumbini, watu wamejaa, hujamjua hata mmoja, ukatamani ujibanze nyuma ya mlango, hiyo ni 'shy'. Hujakosa, na hata kuonekana bado."

"Kiswahili tuna neno moja," akasema mtu mmoja.

"Nani kakwambia? Tuna haya, tuna tahayuri, tuna aibu, tuna fedheha. Sisi wenyewe ndio tumeyatupa yote kwenye kapu moja tukaandika juu yake 'aibu'. Mwenye haya ni 'shy'. Aliyetahayari ni 'embarrassed'. Na angalia mwisho wa neno. Wewe umetahayari, lakini zipu imekutahayarisha. Kwa hiyo zipu ni 'embarrassing'."

Dereva teksi aliyekaa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu akisema 'I am embarrassing'?"

"Basi yeye ndiye zipu."

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu hakuwaacha wapoe. "Mnacheka, na juzi mmoja wenu kaniambia alikwenda kwenye usaili akasema 'I am boring' akitaka kusema kazi ya zamani ilimchosha. Kawaambia nini?"

"Kawaambia yeye mwenyewe anachosha!" wakaitikia.

"Choka ni 'bored', chosha ni 'boring'. Ogopa ni 'scared', ogofya ni 'scary'. Kitenzi cha Kiswahili kimeshawafanyia kazi hiyo bure. Kila mkikwama, rudini nyumbani kwanza mkakiulize."

Watu walipotawanyika wifi yangu alibaki. "Kwa hiyo niliwaambia nimeiba?"

"Hapana. Uliwaambia unajisikia vibaya kwa kosa, na kosa hukulitaja. Waliolitaja ni wao."

"Na mtu aliyesoma shule hizihizi tulizosoma, akaambiwa 'usione aibu' na walimu walewale, akisikia maneno yangu ataelewa nini?"

Mwalimu Tofauti alifuta miwani yake. "Mimi ningekuelewa," akasema. "Hata dereva teksi angekuelewa."

Wifi yangu alirudi nyumbani akiwa amenyooka kama aliyetiwa wanga. Siku iliyofuata alitoa masharti yake, akampa mlinzi wa lango ayafikishe kwa mdomo. Atarudi kazini siku wale watatu watakapoingia udobini, mbele ya wapiga pasi wote walioambiwa kwamba Mama Kola amekiri, na kila mmoja wao kutamka kwa Kiswahili: hakukiri. Mpaka hapo atafanya kazi yake pale atakapopata nafasi.

Nafasi aliyoipata ni ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na lango la wafanyakazi. Aliweka meza, pasi ya mkaa na kamba moja. Wahudumu, wapishi na walinzi walipita kunyooshewa sare kabla ya zamu, na juu ya kamba, nyuma ya mgongo wake, aliyatundika mashati matatu ambayo hayakuwa ya mteja. La kwanza lilikuwa na doa kubwa la mchuzi kifuani. La pili lilikuwa safi, ila kifungo cha tumboni kimekatika na uzi unaning'inia. La tatu lilikuwa jipya, bado na mikunjo ya kiwandani, gumu, halijavaliwa na mtu.

"Mama Kola, hayo yanauzwa?" waliuliza.

"Hayauzwi, yanafundisha. Hili la doa, mwenyewe ndiye aliyelimwagia mchuzi. Anajijua. Huyo ni 'ashamed'. Hili, kifungo kimekatika mbele za watu, kosa si lake, lakini tumbo nje. Huyo ni 'embarrassed'. Na hili halijafanya lolote na halijapatwa na lolote. Halijazoea tu kuwa na mtu ndani. Huyo ni 'shy'. Nami nilikuwa hili."

Watu walizoea kusimama hapo hata bila nguo ya kupigwa pasi. Kila mmoja alikuwa na lake. Mpishi wa mboga alikumbuka kwamba aliomba kuhamishwa kutoka penye moshi akasema macho yake ni "sensible", na meneja akamjibu kwamba macho yenye busara ndiyo yanayotakiwa jikoni. Alitaka kusema "sensitive", macho mepesi kudhurika. Alirudishwa penye moshi na wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao bila kujua anachekwa nini. Pale mezani hakucheka.

Uongozi haukupendezwa. Alitumwa mlinzi, yuleyule aliyeshuhudia kitambulisho kikikatwa.

"Mama, nimetumwa nikwambie uondoke hapa."

"Umeniambia?"

"Nimekwambia."

"Basi umemaliza kazi yako, mwanangu. Barabara hii si ya hoteli. Lete hilo koti, kola imelala."

Mlinzi akatazama nyuma, akalivua koti.

Lililowaudhi zaidi halikuwa meza. Wafanyakazi walioitwa kwenye vikao walianza kujibu, "Nitajieleza kwa Kiswahili, au sitajieleza." Alianza mhudumu mmoja, akafuata mpishi wa mboga. Hapo meneja akamwita wifi yangu kwa haraka, chumba kilekile, watu walewale, chupa zilezile. Safari hii palikuwa na kiti. Alikivuta mwenyewe akakaa kabla hajaambiwa. Mimi nilibaki nikilinda pasi, na aliyonieleza baadaye nimeyathibitisha kwa mmoja wa waliokuwa ndani.

Ofisa utumishi alianza kwa Kiingereza. Kampuni inasikitika kwa kutoelewana. Atarudishwa kazini. Onyo litafutwa. Aikunje ile meza.

"Nimekusikia, bosi," wifi yangu akasema. "Nitajibu kwa lugha niliyonayo."

"Kikao ni cha Kiingereza."

"Basi mimi simo kikaoni, napita tu. Lakini nikiwa napita naomba kuuliza. Mnakumbuka siku kampuni ilipotuandalia chakula pale uani? Sisi wa udobi tulisimama ukutani, sahani mkononi, hakuna anayethubutu kuanza. Akaja mtu akatushika mabega, akatusukuma taratibu, akasema, 'Don't be ashamed, come and eat.' Nani yule?"

Meneja akamtupia jicho ofisa utumishi.

"Ni wewe, bosi. Tulifurahi sana, tukala. Sasa nauliza, siku ile tulikuwa tumeiba nini?"

Msimamizi wa usafi alipatwa na kikohozi. Meneja akaanza kuisoma karatasi ya chupa yake ya maji kana kwamba imeandikwa habari mpya.

"Ile ni namna ya kusema tu," ofisa akasema, na alipokwisha kusema ndipo alipotambua amesema kwa Kiswahili.

"Na mimi nilikuwa na namna ya kusema tu. Sikuja kukuonyesha kwamba hujui Kiingereza, bosi. Unakijua kuliko mimi, na huenda kesho utanifundisha. Nimekuja kukuonyesha kwamba ulinielewa."

Meneja akaingilia, sasa naye kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusuluhisha. "Mama, tumeshasema tunasikitika. Kulitokea kutoelewana. Tusonge mbele."

"Hakuna aliyenielewa vibaya, mzee. Shukeni udobini mseme hakukiri. Ni neno moja. Halina hata sarufi ngumu."

"Hatuwezi kusimamisha kazi na kuwakusanya wafanyakazi kwa ajili ya neno moja."

"Mliwakusanya kuwaambia nimekiri."

Akainuka, akakirudisha kiti mahali pake, akatoka.

Nilimwona anavuka barabara akija. Nilifungua mdomo nimuulize, kisha nikaona nyuma yake kuna mtu mwingine anavuka. Alikuwa msimamizi wa usafi, mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona upande huu wa barabara, amevaa koti la kazi kwenye jua la mchana, jasho linamtiririka. Watu waliokuwa wanangoja sare zao walijipanga upya kama wanafunzi walioingiliwa na mwalimu mkuu. Akasimama mbele ya meza.

"Dada," akamwambia wifi yangu, kwa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia. "Hukukiri. Nilijua siku ileile. Sote mle ndani tulijua. Nilinyamaza kwa kuogopa kibarua changu."

Mkaa ulilia ndani ya pasi. Wifi yangu alimtazama usoni, yeye ambaye hatazami watu usoni.

"Unaona aibu?"

"Naona."

"Ipi?"

Msimamizi aliinua macho kwenye kamba. Wote tulijua hadithi ya mashati yale, na bila shaka ilikwisha kumfikia hata yeye huko ndani. Hakuligusa lile jipya, wala hakuligusa lile lililokatika kifungo. Akanyoosha kidole kwenye doa.

Wifi yangu alilishusha lile shati, akalikunja, akalitia kwenye beseni. "Hilo linafulika," akasema. "Lete koti hilo nikunyooshee, wifi yangu huyu hapa wa kuipuliza pasi ameshachoka kusimama." Watu wakacheka, nami nikapuliza mkaa, na msimamizi akalivua koti lake.

Nayasimulia haya si kwa sababu yamekwisha. Mmoja ametamka, wamebaki wawili, na sasa nasema nao wenyewe.

Ndugu meneja, ndugu ofisa utumishi: mwanamke huyu hakuwaomba kazi, wala fidia, wala samahani ya Kiingereza. Anawadai neno mlilomtwisha. Shukeni udobini, simameni kati ya meza za pasi, semeni kwa Kiswahili mbele ya wote kwamba hakukiri. Kisha mpige simu kwa kila hoteli mliyoiambia amekiri, na mseme huko pia, kwa sauti ileile mliyotumia mwanzo. Na kuanzia kikao kijacho mfanyakazi yeyote anayetuhumiwa ajieleze kwa lugha anayoimudu, akiwa ameketi. Msione aibu kuja, kama mlivyotufundisha kusema. Meza iko ng'ambo ya lango lenu, shati lenye kifungo kilichokatika na lile jipya bado yako kwenye kamba, na nafasi ya lile la doa iko wazi. Vukeni barabara mtamke na hapa.